UZI: Helikopta ya habari juu ya Bukavu – kamera, umeme na njia ya picha mpaka reji

Mlima_Kahuzi (mwanzisha uzi)

Jambo benye kamera, benye reji na benye antena.

Kila mvua kubwa ikishuka, kila nyumba za Kadutu zikishika moto, swali linarudi: tukikodi helikopta, nini kifungwe ndani ili picha ifike reji (chumba cha kuongozea matangazo) ikiwa hai? Wengi huanza kwa kuuliza bei ya kamera. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: hapa kwetu picha haipotei kwenye kamera, inapotea kati ya helikopta na kilima kinachoipokea. Fedha ya kwanza iende kwenye mapokezi ya chini, ya pili kwenye utulivu wa kamera, na kamera yenyewe ije mwisho.

Mnyororo wenyewe ni huu. Tufe la kamera lenye jairo (vihisi vya mzunguko vinavyotuliza picha) mbele au ubavuni mwa helikopta. Ndani, meza ndogo ya mpiga picha: skrini, kiwiko cha kuongozea tufe, kinasa, kibadilishaji cha kuchagua kamera (ya nje, ya mwandishi, ya mkiani). Kisha enkoda (inayogandamiza picha), transimita, amplifaya ya wati 5 hivi, na antena chini ya tumbo. Chini kuna antena za kilimani, risiva, halafu kiungo cha pili kutoka kilimani mpaka reji. Kazi hii ni ya tangu 1958, pale kituo cha televisheni cha KTLA cha Los Angeles kilipomruhusu mhandisi John D. Silva kufunga kamera na transimita kwenye helikopta ya Bell 47. Vipimo vimepungua na picha imekuwa safi, lakini matatizo matatu ya mwanzo bado ni yale yale: uzito, mtikisiko na mawimbi.

Uzito kwanza, maana kwetu ndio unaoamua kama safari ipo au haipo. Uso wa ziwa Kivu uko karibu m 1,460. Siku ya joto la nyuzi 25, injini na panga za rota zinafanya kazi kama ziko karibu m 2,200. Helikopta inayobeba watu watano bila shida Dar es Salaam, hapa inaweza kushindwa kuelea mahali pamoja ikiwa na watatu na vifaa. Hesabu ya vifaa: tufe kilo 30 hadi 45, mhimili wake kilo 10 hadi 15, transimita na antena kilo 10 hadi 15, meza na skrini kilo 20 na zaidi, kebo kilo 8 au 10. Unafika kilo 100 kabla mpiga picha hajapanda. Na tufe likifungwa puani, uzito wote unaenda mbele: helikopta ipimwe upya kwenye mizani, na mara nyingi mkiani panawekwa uzito wa kusawazisha. Kazi hiyo ni ya fundi wa ndege mwenye karatasi za ufungaji zilizoidhinishwa kwa aina hiyo ya ndege. Fundi wa televisheni asiguse boliti ya mhimili.

---

Reji_Ibanda

Aksanti yaya. Nauliza kuhusu tufe: kwa nini lazima? Kamera nzuri ya begani yenye kutuliza picha ndani ya lenzi haitoshi mlango ukiwa wazi?

---

Lenzi42

@Reji_Ibanda hesabu inajibu. Chukua lenzi ya kawaida ya matufe haya, 42x, inaanza 9.7 mm, inaisha karibu 407 mm, na ukiweka kiongezi cha 2x unafika 815 mm. Kihisi cha inchi 2/3 kina upana wa mm 9.6. Kwenye 815 mm uwanja wa kuona ni nyuzi 0.67 tu. Kutoka km 2, fremu nzima inabeba upana wa karibu m 23.5. Gawa kwa pikseli 1,920: pikseli moja ni mikroradiani 6, pembe ndogo mno. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kushika kitu ndani ya mikroradiani 6, na lenzi ya begani haikutengenezwa kwa mtikisiko wa helikopta.

Mtikisiko wenyewe una masafa yake. Bell 206 ina panga mbili zikizunguka mara 394 kwa dakika, kwa hiyo pigo kubwa liko Hz 13. Familia ya AS350 ina panga tatu kwa mizunguko kama 390, pigo linakuja Hz 19.5, na chini yake kuna Hz 6.5 panga zikiwa hazijasawazishwa vizuri. Tufe linapambana kwa hatua mbili: vizuizi vya mpira au vya waya kwenye mhimili vinakula mtikisiko wa kasi, kisha jairo za nyuzi za mwanga na mota za ndani zinasahihisha mwendo wa polepole. Vizuizi vikichoka, jairo haziwezi kufidia. Dalili yake: picha imetulia kwenye upana, lakini ukivuta karibu inaonekana imefifia kana kwamba fokasi imekosea, na kugusa fokasi hakubadilishi kitu. Angalia mpira kama umepasuka kabla ya kulaumu lenzi.

Mkono una nafasi yake kwa picha pana, lenzi isiyozidi 100 mm hivi, kasi ya shata 1/250 au zaidi. Hapo mlango uondolewe tu kama kitabu cha ndege kinaruhusu, mpiga picha afungwe mkanda wa mwili mzima wenye nanga kwenye sakafu, na kamera iwe na kamba yake ya pili. Kofia ya lenzi, kifuniko cha batri, karatasi, vyote vitolewe. Kitu kinachodondoka mlangoni kinaelekea rota ya mkiani. Mimi sioni picha ya habari yenye thamani ya hatari hiyo.

Jambo jingine watu hulisahau: kamera ndogo za bei nafuu zinasoma kihisi mstari kwa mstari, na kwa mtikisiko wa Hz 13 nguzo na kuta zinapinda na kucheza. Kwenye kamera ya puani na ya mkiani chagua yenye kusoma fremu nzima kwa mara moja.

---

Ruzizi_28V

Niongeze upande wa umeme, maana huko ndiko vifaa vinakofia.

Helikopta za turbini zinatoa volti 28 za moja kwa moja. Lakini wakati wa kuwasha injini, batri inashuka chini ya volti 18, kisha jenereta inapoingia volti inaruka ghafla. Enkoda au kinasa kilichowashwa wakati huo kinaganda, au kinakufa kabisa. Utaratibu: swichi kuu ya vifaa vya kazi iwe imezimwa, rubani awashe injini, jenereta iingie, volti itulie 28, ndipo rubani (sio mpiga picha) atoe ruhusa. Washa tufe kwanza na uliache limesimama dakika chache bila kuguswa, jairo zijipime. Kisha skrini, enkoda, na transimita mwisho ikiwa kwenye hali ya kusubiri.

Vifaa vya kazi viwe na njia yake ya umeme yenye breka yake, ambayo inakatika yenyewe jenereta ikifa, ili batri ibaki kwa redio na ala za rubani. Tufe likiwa linazunguka kwa nguvu linaweza kuvuta ampea 15, amplifaya 5 hadi 8. Jumlisha vyote kabla ya kukubali kifaa cha ziada. Inveta ya volti 220 iepukwe kabisa ikiwezekana: ni uzito, ni joto, na inapiga kelele kwenye redio. Karibu kila kifaa kina aina ya volti 12 au 28.

Sauti ya filimbi ya jenereta kwenye maikrofoni inatokana na udongo wa umeme (waya wa ardhi) kupita njia mbili. Weka transfoma ya kutenganisha kwenye kila mstari wa sauti unaotoka kwenye intakomu ya ndege. Na usichomeke kipaza cha hedseti ya rubani moja kwa moja kwenye ingizo la kamera: kinahitaji volti yake ya kukilisha, na kinatoa kiwango kikubwa kuliko maikrofoni ya studio.

---

Mama_Antena

Nakubaliana na msimamo wa mwanzisha uzi. Hesabu ya kiungo ni hii, kwa GHz 2 na km 25.

Wati 5 ni dBm 37 (dBm inapima nguvu ya mawimbi, dB ongezeko au upungufu wake). Toa dB 2 za kebo, ongeza 2 za antena ya pande zote chini ya tumbo. Hewa ya km 25 inakula dB 126.4. Antena ya sekta (inayotazama upande mmoja) ya dB 16 kilimani. Unapokea dBm -73. Risiva nzuri kwa QPSK 2/3 (njia ngumu kuharibika ya kubebesha data, theluthi moja ikiwa ya kusahihisha makosa) inaishi mpaka karibu -95. Una akiba ya dB 22 hivi, inayoonekana nyingi mpaka ulikumbuke ziwa na milima.

Mipangilio ninayopendekeza kwa Bukavu, vifaa vikiwa vya COFDM (data inagawanywa kwenye mikondo mingi midogo ya mawimbi) kwa upana wa MHz 8: hali ya 2k (mikondo michache, 8k ni mingi zaidi), QPSK, 2/3, nafasi ya ulinzi (muda wa kuvumilia mwangwi) 1/8. Unapata Mb/s 7.37, na hiyo inatosha kwa picha ya HD ya 1080i50 ukitumia mgandamizo wa H.264. Usivutwe na 64QAM, inayobeba data nyingi zaidi: inadai dB 12 hivi zaidi, na reji haitaonyesha tofauti hiyo kwa mtazamaji. Nafasi ya 1/8 ni mikrosekunde 28, yaani mwangwi unaweza kuchelewa kwa km 8.4 bila kuharibu. Ukichukua 1/32 ili kupata bitireti zaidi, unabaki na km 2.1, na kati ya vilima vyetu na kisiwa cha Idjwi mwangwi wa umbali huo ni wa kawaida.

Kwa nini 2k na sio 8k? Helikopta ikienda noti 120 (noti ni maili ya baharini kwa saa) kwa GHz 2, masafa yanahama Hz 410. Risiva inaufuata uhamo wa wimbi la moja kwa moja bila shida. Shida ni mwangwi unaotoka mlima wa nyuma: huo unahama upande wa pili. Mikondo ya 2k imeachana Hz 4,464 na inavumilia, ya 8k imeachana Hz 1,116 na inaanza kugongana. Kwa GHz 7 uhamo unafika Hz 1,440, hapo 8k haina nafasi kabisa.

---

Reji_Ibanda

Dada, na chujio la masafa? Kwenye vilima vyote vizuri hapa kuna minara ya simu.

---

Mama_Antena

Swali zuri sana, na ndilo linaloua mapokezi mengi. Simu za 3G zinarusha kutoka MHz 2,110 mpaka 2,170. Ukipewa masafa chini ya 2,110 na mnara wa simu uko m 30 kutoka kwako, amplifaya ya antena yako inajaa hata kama hakuna mtu kwenye masafa yako. Chujio la bendi liwekwe KABLA ya amplifaya ya mlingotini. Likiwekwa baada yake halisaidii, uharibifu umeshatokea. Dalili: nguvu ya mawimbi inasoma juu sana, lakini ubora ni sifuri.

Masafa yenyewe yaombwe mapema kwa ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo. Tuko mpakani, na wimbi la kwenye helikopta linafika Kamembe na mbali zaidi ndani ya Rwanda. Kwa m 300 juu ya ardhi na mlingoti wa m 30, upeo wa redio ni karibu km 94. Huwezi kurusha "kwa majaribio kidogo" ukadhani hakuna atakayesikia.

---

Kilima_cha_Panzi

Tunazungumza ziwa tu, lakini habari nyingi ziko nyuma ya vilima. Panzi, bonde la Ruzizi, barabara ya Ngomo kuelekea Kamanyola. Mlingoti wenye kuona ziwa vizuri hauoni huko. Ruzizi inashuka kutoka m 1,460 mpaka ziwa Tanganyika lililo karibu m 770, helikopta ikifuata barabara inazama nyuma ya ukingo na picha inakatika mara moja, bila kufifia kwanza.

Mapokezi yawe mawili: moja linatazama kaskazini na ziwa, la pili kusini. Ramani ya miinuko ipo bure kwenye kompyuta, chora mstari kutoka kila mlingoti mpaka kila mtaa kwa urefu wa m 300 juu ya ardhi, kisha umpe rubani karatasi yenye maeneo ya giza. Akijua kwamba kupanda m 150 kunarudisha picha, atapanda. Asipojua, atazunguka chini akidhani transimita imeharibika.

---

Reji_Ibanda

Na zile begi za kuunganisha laini nyingi za simu? Zingetuondolea milingoti yote hii.

---

Lenzi42

Kama akiba, ndiyo. Kama njia kuu, hapana. Antena za minara ya simu zimeinamishwa chini, kuelekea watu. Juu ya m 300 modemu inasikia minara mingi kwa pamoja, yote dhaifu, inaruka kutoka mmoja kwenda mwingine na bitireti inayumba. Na hapa itaruka pia mpaka mitandao ya Rwanda: weka uchaguzi wa mtandao kwa mkono kwenye kila laini, la sivyo unalipa romingi na ucheleweshaji unapanda. Ucheleweshaji wa begi ni sekunde moja mpaka kadhaa, wa mikrowevu (kiungo chetu cha GHz 2) ni chini ya nusu sekunde ukipanga enkoda vizuri.

Setilaiti nayo ina panga za rota juu ya kichwa chake. Kwenye AS350 antena inafunikwa kwa kitambo mara 19 au 20 kila sekunde. Mfumo usiotengenezwa kwa hali hiyo unapoteza data bila kukoma.

Kuhusu ucheleweshaji, reji ikumbuke: sauti inayorudi kwa mwandishi isiwe na sauti yake mwenyewe ndani. Akijisikia baada ya nusu sekunde ataanza kukwama maneno, hata kama ni mtu anayejua kazi. Njia ya kurudi iwe redio ya UHF, isitegemee mikrowevu.

---

Fundi_Bagira

Mama_Antena, mwangwi wa ziwa si unatibiwa kwa antena za polarisheni ya mviringo (wimbi linalozunguka likisafiri)? Wimbi likigonga maji linageuka, antena inalikataa.

---

Mama_Antena

@Fundi_Bagira hiyo ni kweli kwa kuta na kwa pembe kubwa, mjini inasaidia. Juu ya ziwa haisaidii, na nafasi ya ulinzi ya COFDM nayo haisaidii. Sababu ni hizi.

Helikopta m 300 juu ya maji, mlingoti m 60 juu ya maji, umbali km 25. Pembe ya kugonga maji ni chini ya nyuzi 1. Kwenye pembe ndogo namna hiyo, wima na mlalo vyote vinarudi kwa nguvu karibu kamili na kwa awamu ile ile, hivyo mviringo haugeuki. Na tofauti ya njia mbili ni mita moja au mbili tu, haifiki kuwa mwangwi wa kuchelewa: mawimbi mawili yanaungana au yanafutana kwenye MHz 8 zote kwa pamoja. Ile akiba ya dB 22 inaweza kuliwa yote, kisha helikopta ikisogea kidogo inarudi. Reji inaona picha inaganda kila baada ya muda bila sababu.

Dawa ni antena mbili kwenye mlingoti mmoja, moja juu ya nyingine, na risiva inayounganisha zote mbili. Umbali kati yao: urefu wa wimbi mara umbali, gawa kwa mara nne ya urefu wa helikopta juu ya maji. Kwa km 25 mpindo wa dunia unakula kama m 25, kwa hiyo tumia 275 badala ya 300: 0.15 × 25,000 ÷ (4 × 275) = m 3.4. Moja ikiwa kwenye shimo, nyingine iko kwenye kilele.

---

Ruzizi_28V

Kwa rubani na mpiga picha, mambo ya angani ambayo hayajatajwa:

Msielee mahali pamoja. Kwa hewa yetu nyembamba, ukiwa na kilo 100 za vifaa, zungukeni kwa noti 60 au 70, duara pana, upande wenye kuona vizuri ukiwa ndani. Mwinamo mkali unaweka tumbo na vyuma vya kutulia kati ya antena na mlingoti. Picha ikikatika kila robo ya duara, sababu ni hiyo, na dawa ni duara kubwa zaidi. Ndege nyingine zina antena mbili zenye kubadilishana, hiyo ni bora.

Antena ya mkono unaoshuka ipandishwe kabla ya kutua. Iwekeni kwenye orodha ya rubani, na kuwe na taa nyekundu mbele yake. Transimita izimwe kabla ya mtu kukaribia tumbo.

Tufe lifungwe likitazama nyuma kabla ya kufika chini, rota inarusha mchanga na changarawe. Mkishuka kutoka hewa ya baridi upande wa Kahuzi kuja kwenye unyevu wa ziwa, kioo cha mbele kinafunga ukungu. Joto la tufe liachwe limewashwa safari nzima hata kama hampigi picha. Ukungu ukiwa NDANI ya kioo, dawa ya kunyonya unyevu imeshiba, na tufe lifunguliwe karakana tu, sio uwanjani.

Na radi. Kabare, hapa jirani, ni sehemu inayopigwa na radi kuliko zote Afrika kwa vipimo vya setilaiti. Mawingu yakijenga mchana, kazi inafanywa asubuhi au haifanywi. Mlingotini vilevile: kinga ya radi kwenye kila kebo inayoingia kwenye nyumba ya risiva, na udongo mmoja kwa vyote.

---

Lenzi42

Juni mpaka Agosti, vumbi na moshi wa mashamba vinaosha rangi. Chujio la polarisheni linasaidia ukiwa pembeni ya jua, kiwango cheusi kishushwe kidogo, na usiongeze ukali wa kingo kwa sababu unanoa ukungu tu. Fokasi ya nyuma ipimwe tufe likiwa limeshafika joto la safari: vuta mpaka mwisho, weka fokasi, fungua mpaka upana, picha ibaki kali. Isipobaki, rekebisha kabla ya kuruka.

Nanasa kila kitu kwenye kinasa cha ndani, kwa ubora wa juu, hata matangazo yakiwa hai. Kwa sehemu kama Bushushu na Nyamukubi, mafuriko ya Mei 2023, zaidi ya km 40 na vichwa vya milima katikati, kadi inayorudi na helikopta ndiyo picha ya uhakika.

---

Fundi_Bagira

Aksanti dada kwa hesabu. Mlingoti tunaofikiria una nafasi ya m 2.5 tu kati ya pete ya juu na ya chini. Haitoshi 3.4.

---

Mama_Antena

Basi mpandishe helikopta. Kwa m 2.5 na km 25, hesabu inadai m 375, ongeza 25 za mpindo, rubani abaki m 400 juu ya ziwa. Lakini angalia akikaribia: kwa km 12 na urefu huo huo, tofauti inayotakiwa inashuka kuwa m 1.1 hivi, na m 2.5 inakaribia mara mbili yake, kwa hiyo antena zote mbili zinaanguka shimoni pamoja. Weka ya tatu m 1.1 chini ya ile ya juu. Risiva za njia nne ni za kawaida, ingizo moja linabaki kwa antena ya kusini, ile Kilima_cha_Panzi aliyoisema, kama kebo au nyuzi za mwanga zinaweza kuifikisha hapo. Kebo za antena tatu za kaskazini ziwe za aina moja, na kila antena iwe na chujio lake.